Geji Iliyoniita Mwizi

Mimi siamini geji ya mafuta. Hata leo, mkwe wangu akinipitia na gari lake jipya, lile lenye vitaa vingi mbele na linalolia lenyewe likitaka mafuta, lazima kwanza nishuke, niiname na magoti haya yanayoalika, nigonge tangi kwa kifundo cha kidole. Matangi ya siku hizi ni ya plastiki, sauti yake haina maana, lakini nagonga tu. Mkwe wangu huona haya mbele ya vijana wa kituo cha petroli. Na aone. Yeye hajawahi kuitwa mwizi na mshale.

Mimi nimeitwa. Ilikuwa Timau, mwaka wa pili wa Emajensi, wakati wa Mau Mau, na nilikuwa dereva wa memsabu mmoja mjane aliyelima ngano. Udereva nilijifunza jeshini, kule Bama tulikopigana na Wajapani, na ufundi nilijifunza huko huko, kwa sababu gari likikufia porini vitani humwiti mtu. Niliporudi nikaendesha malori kidogo, halafu memsabu akanichukua. Gari lake lilikuwa jeusi, la kabla ya vita, lilinunuliwa na marehemu mumewe. Siku hizi matajiri hupeleka magari ya aina ile kwenye maonyesho na kuyapigia picha. Wakati huo lilikuwa gari kuukuu tu la mjane, lakini alilipenda kuliko mbwa wake, na Mzungu akipenda kitu kuliko mbwa wake, ujue mambo ni mazito.

Kwetu ni Manyatta, juu ya Embu, ingawa baba yangu alitoka chini Mbeere, kwenye joto na miiba na mizinga ya nyuki. Siku zile ukiwa Muembu au Mmeru au Mkikuyu, ulikuwa mtuhumiwa kabla hujaamka kitandani. Kipande cha kitambulisho mfukoni, pasi ya kutoka shambani, pasi ya kuingia mjini, na saa ya kafyu ikifika uwe ndani. Petroli ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ilisemwa kwamba watu wa msituni wanaitafuta kwa kuchomea nyumba, basi pipa la memsabu lilifungiwa stoo, na ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni. Chupa moja ikipotea, hawakusema umeiba. Walisema unapigana upande ule. Mtu wa namna hiyo alipelekwa kizuizini, na wengine hatukuwaona tena.

Desturi yetu ilikuwa hii. Kila Jumamosi mchana memsabu alifungua stoo, mimi nikapiga pampu ya mkono, na yeye akasimama nje kwenye dirisha la gari akiutazama mshale wa geji, ambao ulikuwa katikati ya dashibodi. Mshale ukifika mwisho, anasema, "Basi." Anafunga stoo. Gari linalala kwenye banda karibu na chumba changu, na ufunguo wa banda unabaki kwangu kwa sababu Jumapili baada ya kanisa naliosha. Jumatatu tunakwenda Meru, yeye amekaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, mkoba magotini. Kiti kile kilikuwa chake. Mwafrika hakukikalia, hata kukipangusa nilikipangusa nikiwa nimesimama nje.

Sasa, alikuwapo jirani yake, mkulima wa ngano pia, kijana aliyepewa bastola na kofia ya askari kwa ajili ya Emajensi, naye akadhani amepewa na akili. Amri ilitoka kwamba kila mwenye bunduki aifungie, asije akaipoteza njiani. Jirani akaleta sanduku la chuma la bunduki ya memsabu na akalifunga mwenyewe kwa boliti kwenye sakafu ya gari, chini ya kile kiti cha nyuma. Nilimwambia, "Bwana, nikusaidie." Hata spana hakuniachia nishike. Alilala ndani, miguu mirefu ikatoka mlangoni, akakaza boliti huku akitukana. Mimi nilisimama nje nikisikia chuma kinavyolia, na moyo wa fundi ukaniuma.

Wiki ile memsabu alipata mafua, hakutoka. Nilikwenda Meru peke yangu kumchukulia barua na dawa, na mshale ulitulia kama mtoto wa shule ya Jumapili. Jumamosi tukajaza. Akasema, "Basi."

Jumatatu asubuhi alikuja na koti lake, akaingia nyuma, akakaa. Nikawasha. Kabla sijaachia breki, nikasikia sauti yake.

"Simama. Petroli nakwenda wapi?"

Nikatazama. Mshale ulikuwa umelala sifuri.

Nikamwambia tangi limejaa, yeye mwenyewe aliona Jumamosi. Akasema aliona Jumamosi, ndiyo, na sasa anaona Jumatatu. Akashuka, akaenda nyumbani kwa hatua za mtu aliyekasirika, akamtuma mpishi mbio kumwita jirani. Nilibaki nimekaa pale na kijasho chembamba kinanitoka, na baridi yote ile ya Timau. Nikageuka kuutazama tena ule mshale. Ulikuwa juu, mwisho kabisa, umejaa.

Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani nimepona. Nilikimbia kumwita memsabu, akaja, akachungulia dirishani akiwa amesimama, akaona tangi limejaa, akakunja uso. Halafu jirani akafika. Akasimuliwa yote. Alifikiri kidogo, mikono kiunoni, halafu akasema kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha ng'ombe: "Hii mutu naogopa. Wewe nakwenda nyumba, yeye narudisha petroli yote haraka-haraka."

Nieleweni vizuri hapo. Mshale ukishuka, nimeiba. Mshale ukipanda, nimeogopa nikarudisha. Nilimwuliza nimerudisha kutoka wapi, na kwa mkono gani, galoni nane, kwa nusu saa. Akaingia chumbani kwangu, akapekua, akatoka na debe langu la mafuta ya taa. Akalinusa. Akasema ni petroli. Nilitaka kumwambia alinuse tena kwa pua iliyofundishwa, lakini bastola ilikuwa kiunoni na mimi nina mama.

Mchana jirani akaandika barua. Mpishi ndiye aliyeniambia. Alikuwa Mmeru wa Kaaga, amesoma shule ya misheni pale, Kiingereza anakisoma kama Kimeru, ila memsabu hakujua hilo, na mpishi hakuona sababu ya kumwambia. Barua ilikuwa mezani alipopeleka chai. Akaja kwenye banda, akajifanya anatafuta kuni.

"Muembu," akaniambia, "jina lako limeandikwa vizuri, herufi zote. Ni ya kwenda kwa DO, yule ofisa wa serikali, Meru. Inasema unawapa watu wa msituni petroli. Haijawekwa sahihi. Mama amesema ataiweka Ijumaa, maana safari ya leo ya mjini imesogezwa hadi siku hiyo."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Kwa sababu wewe ulisema geji ni mbovu. Amesema kama ni mbovu, uitengeneze. Kijana yule amecheka."

Na kweli jioni memsabu aliniita barazani, akanirudishia ufunguo wa gari. "Wewe nasema geji mubaya. Wewe natengeneza. Ijumaa mimi naona." Alikuwa mgumu yule mama, lakini mizani yake ilikuwa na pande mbili, na hilo nitalisema mpaka kaburini. Akaongeza kwamba mpishi atanilinda nisitoroke. Mpishi akapewa rungu. Tulitazamana mimi na yeye, na tulijikaza sana tusicheke.

Basi nilikuwa na siku tatu za kulishinda neno la mshale.

Jumanne nilianza na kile ambacho baba alinifundisha. Baba yangu alikuwa na mizinga zaidi ya anavyoweza kuihesabu mtu mvivu, imetundikwa kwenye miti kule Mbeere. Hakuwa anafungua mzinga ovyo. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, kutoka mwisho mmoja polepole kwenda mwisho wa pili, sikio karibu. Palipo na uwazi panaitika. Palipo na asali pananyamaza. Waswahili wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Baba hakujua Kiswahili, lakini aliyajua hayo kwa kidole. Aliweza kukuonyesha kwa ukucha mahali asali inapoishia, na ukifungua unaikuta hapo hapo.

Nikalala chini ya gari, nikagonga tangi. Kimya, kimya, kimya, mpaka karibu na juu, upana wa vidole viwili, ndipo bati likaitika. Nikachora mstari kwa chaki. Nikakata kijiti cha mti, nikakichovya kwenye tangi, nikakitoa na kukipima nje. Alama ya petroli na mstari wa chaki vilikuwa mahali pamoja. Petroli ilikuwapo, haijatoka hata kikombe.

"Umepona basi," akasema mpishi.

"Sijapona. Atasema nimerudisha. Lazima nimwonyeshe kinachousukuma mshale."

Nilifungua tangi juu, nikatoa boya, lile kopo dogo linaloelea ndani na kuiambia geji mafuta yamefika wapi. Boya likitoboka hujaa petroli na kuzama, na mshale hushuka. Nikalitikisa sikioni. Kavu. Nikaliinua na kulishusha kwa mkono huku mpishi akitazama mshale na kunisomea kama kasisi: juu, katikati, chini, juu. Hakuna kasoro. Nililirudisha nikiwa na hasira, maana fundi hupenda ubaya uwe mahali pa kwanza anapotazama.

Jumatano nikashughulikia waya. Geji zile za zamani zilikuwa na tabia yake. Waya unaotoka kwenye tangi ukiuchomoa na kuuacha hewani, mshale unapanda mpaka mwisho. Ukiugusisha na chuma cha gari, mshale unaanguka sifuri papo hapo. Nilifanya hivyo mara tatu. Nilipouona unaanguka vile nilikaa chini. Ndivyo ulivyoanguka Jumatatu. Basi mahali fulani, kati ya tangi na dashibodi, waya ulikuwa unagusa chuma, halafu unaacha.

Niliufuata kwa vidole inchi kwa inchi. Kutoka dashibodi ukashuka, ukapita chini ya zulia, mpira wake mzima, ukaenda nyuma. Nikainua mto wa kiti cha memsabu. Waya ukaingia chini ya sanduku la bunduki upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Hapo niliondoa mikono. Kufuli lilikuwa linaning'inia mbele ya macho yangu. Muembu aliyekamatwa na spana kwenye boliti za sanduku la bunduki, mwaka ule, hakuwa na haja ya barua. Angepata kamba. Nilirudisha mto taratibu, nikaupangusa vumbi, nikatoka nje kuvuta hewa. Niliogopa, sitaficha. Nilikuwa nimemwona adui yangu na sikuruhusiwa kumgusa.

Na hata hivyo sikuwa na hakika. Nilitingisha gari, nikapiga milango, nikaliendesha kuzunguka uwanja, na mshale ukakaa juu, mtulivu, kana kwamba haunijui. Kama ni sanduku, kwa nini Jumatatu na si leo?

Alhamisi mvua ya baridi ilinyesha, ile ya Timau isiyo na adabu. Mpishi alikuwa amekaa kwenye gogo mlangoni na rungu lake, akilowa. Lazima niseme kwamba mpishi huyu alikuwa ameonja michuzi ya memsabu miaka mingi mpaka akawa na tumbo la chifu. Mimi nilikuwa mbele, kichwa chini ya dashibodi, ufunguo umewashwa. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa.

"Dakika moja tu," akasema mpishi. "Miaka saba namwona akikaa hapa. Nataka kujua kikoje."

"Toka, Mmeru. Tutanyongwa wote."

"Kumbe ni laini," akasema, na akajitupa na uzito wake wote.

Mshale ukaanguka sifuri.

Nikamwambia kwa sauti ya chini, kama unayemwongelesha ng'ombe mwenye woga, "Simama kidogo." Akanyanyuka. Mshale ukapanda. "Kaa." Ukaanguka. "Simama." Ukapanda. Nilimkalisha na kumwinua mpaka akaanza kulalamika magoti. Halafu nikamweleza, na yule mtu mzima akaliacha rungu, akashika tumbo, akacheka mpaka machozi. Nilicheka na mimi. Petroli ilikuwa inaibwa na makalio ya memsabu. Akikaa, kiti kinalikandamiza sanduku, sanduku linaubana waya kwenye sakafu. Akisimama dirishani, waya unaachiliwa, na tangi limejaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mama yule alikuwa amekikalia.

Tulipomaliza kucheka, mpishi akauliza swali la maana. "Utamwambiaje?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Sikuweza kusema nimejuaje, maana ningemchongea mpishi aliyekalia kiti kile, na kazi yake ingekwisha siku hiyo. Sikuweza pia kumwambia memsabu aketi na ainuke ili tupime uzito wake. Alikuwa wa umri wa mama yangu, na kwetu mwili wa mama hautajwi na mtu wa rika langu, awe mweusi, awe mweupe. Baba angejua angenitemea mate, na si ya baraka. Nikafikiri usiku kucha. Asubuhi nikajua nani atakaa.

Ijumaa jirani alikuja mapema, amenyoa, barua mfukoni, kalamu mfukoni. Memsabu akatoka na mkoba. Mimi nilikuwa nimeliosha gari mpaka linang'aa, mlango wa nyuma uko wazi, ufunguo umewashwa, mshale uko juu. Mpishi alisimama kwenye ngazi ya jikoni na kitambaa, anapangusa sahani moja tangu alfajiri.

"Memsabu," nikasema, "geji nimeipata. Lakini mimi ni mshtakiwa, neno langu si kitu. Naomba bwana huyu anisaidie. Akae pale ulipokaa Jumatatu, atazame mshale kwa macho yake ya serikali, kisha aseme anachoona."

Kijana yule alipenda hilo la macho ya serikali. Akavua kofia, akainama, akaingia, akakaa kwa kishindo.

"Zero!" akapiga kelele. Akamgeukia memsabu, uso umemng'aa. "Naona? Zero! Yeye naiba tena!"

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye gari. Niliinua mikono yangu yote miwili, mitupu, wote waione. Nilikuwa nimelisubiri neno langu usiku mzima na nilitaka kulitoa polepole.

"Bwana," nikasema, "wakati unaingia mshale ulikuwa juu. Memsabu ameuona. Sasa uko chini. Mimi niko hapa, mpishi yuko kule. Ndani ya gari kuna mtu mmoja tu. Nani ameiba?"

Memsabu aliutazama mshale. Alimtazama jirani. Akasema, "Toka."

Akatoka. Mshale ukapanda.

"Ingia."

Ukaanguka.

Alimtoa na kumwingiza mara nne, kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila mara shingo ya kijana ilizidi kuwa nyekundu. Mara ya tano alikataa. Memsabu alifungua mkoba, akatoa ufunguo mdogo, akafungua sanduku, akatoa bunduki yake na kuishika kwapani. Kisha akaichukua spana kwenye sanduku langu la vyombo na kunipa mimi, kwa mkono wake, mbele ya yule aliyekuwa hajaniachia nishike.

Nilifungua boliti nne. Nikalinyanyua sanduku. Waya ulikuwa chini yake, umebanwa na kona, mpira umetafunika, na shaba inang'aa urefu wa ukucha. Palikuwa na nafasi kubwa kushoto ya kuupitisha, hata kipofu angeiona kwa kupapasa. Nilisogea tu pembeni ili wote waone.

Memsabu aliuliza kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie: "Nani naweka hii sanduku?"

Kijana alijibu kwa Kiingereza, maneno mafupi. Naye akamjibu kwa Kiingereza, marefu. Mpishi alinitafsiria baadaye: alimwambia kwamba marehemu mumewe asingemwamini kufunga hata baiskeli, na kwamba alikuwa karibu kumtia kizuizini fundi kwa ajili ya kazi ya mjinga. Sijui kama mpishi alitia chumvi. Kama alitia, aliitia kwa kipimo. Nilichokiona mwenyewe ni memsabu akinyoosha kiganja, na barua ikatoka mfukoni mwa yule bwana na kuwekwa kwenye kiganja hicho.

Nilifunga waya kwa kipande cha mpira, nikaupitisha kushoto, nikarudisha sanduku na kukaza boliti inavyotakiwa, si kwa kutukana. Memsabu akaingia, akakaa. Mshale haukutikisika. Akautazama, halafu akasema, "Twende." Radhi hakuniomba. Watu wa namna yake hawakuwa na neno hilo kwa ajili yetu, nami sikulingoja.

Tuliporudi kutoka Meru, mpishi aliniita kwa mlango wa nyuma wa jikoni. Alinipa kikombe cha chai ya maziwa, moto, sukari imejaa.

"Kunywa," akasema. "Mama aliniambia niitupe karatasi fulani jikoni. Nikaitumia kuwashia. Hiyo chai imechemshwa na barua yako."

Nimekunywa chai nyingi maishani. Nyingine kama ile sijapata.

Wiki chache baadaye memsabu alitaka mbegu za viazi zifike kwa rafiki yake Embu. Zamani, safari ya mbali kupita Meru hakuwa ananituma peke yangu. Safari hii alijaza tangi, hakuja hata dirishani kuutazama mshale, akanipa pasi aliyoiandika mwenyewe. Kwenye kila kizuizi cha barabara, mto baada ya mto, askari aliisoma, akatazama gari, akanitazama mimi, akainua mti. Nilishusha viazi Embu, na kwa sababu pasi ilisema Embu hadi jioni, nikapanda Manyatta.

Watu wetu walikuwa wamekusanywa kwenye kijiji chenye handaki na vijiti vilivyochongoka. Baba alikuwa huko. Mizinga yake ilibaki Mbeere, zaidi ya mwaka hajaigonga, kwa sababu kwenda na kurudi kabla ya kafyu haiwezekani kwa miguu ya mzee. Homugadi wa langoni, mlinzi aliyewekwa na serikali, tulibatizwa naye siku moja, akamruhusu baba atoke. Baba alikuja amekonda kuliko nilivyomwacha. Alilizunguka gari jeusi. Nikamsimulia yote, mshale, boya, waya, kiti, kijana wa bastola akiingia na kutoka. Kwenye habari za kugonga tangi alinikatiza.

"Liko wapi?"

Nikamwonyesha. Aliinama nyuma ya gari, akaweka sikio karibu na bati, akaanza kugonga kutoka chini. Watu waliokuwa wamejikusanya langoni wakasogea, homugadi naye akasogea. Kidole kile nilikijua tangu utotoni. Kilipanda polepole, kikasimama, kikarudi kidogo, kikasimama tena. Baba akachora mstari kwa ukucha kwenye vumbi la tangi, katikati.

"Hapa," akasema. "Juu ya hapa ni hewa."

Nilifungua mlango, nikawasha ufunguo. Mshale ukanyanyuka, ukatetemeka, ukasimama kwenye nusu. Nikamwita baba aje aone, nikamwambia kitu hiki chenye kioo ndicho kilichoniita mwizi.

Akachungulia. Akaukagua mshale, akaugeukia ule mstari wake, akaurudia mshale.

"Basi," akauambia mshale, "sasa umefundishika."